Bustani ya nyumbani Dar kuanzia Januari mpaka Desemba: mwongozo kwa anayeanza

Kila masika yakianza maswali ni yale yale. "Nimenunua miche ya miembe, naipanda wapi?" "Majani ya mbele ya geti yamekuwa ya njano, kwanini?" "Nyanya zangu zinatoa maua alafu maua yote yanadondoka, nipulizie dawa gani?" Na karibu kila mara jibu linaangukia kwenye vitu viwili tu, udongo na muda. Sehemu kubwa ya Dar tunakaa juu ya mchanga ambao haushiki maji wala mbolea, alafu watu wengi wanashika jembe mvua ikiwa imeshaanza, wakati mvua ya kwanza ilitakiwa ikute mashimo yamechimbwa na samadi imeshachanganywa. Ukiyaweka hayo mawili sawa mengine ni madogo, kweli kabisa.

Miezi niliyoandika hapa ni ya Dar na ukanda wote wa pwani wenye mvua mbili kwa mwaka, kwahiyo mtu wa Bagamoyo, Tanga, Unguja au Mombasa anaweza kuifuata akisogeza wiki kadhaa mbele au nyuma. Ndugu zangu wa Dodoma na Singida mvua yenu ni moja, msifuate miezi ya hapa, fuateni kazi zenyewe.

Misimu yenyewe ni hii:

- Kiangazi, Januari na Februari. Jua kali, upepo wa kaskazi unakausha kila kitu. Ni muda wa kuandaa.
- Masika, katikati ya Machi mpaka Mei, Aprili ndo mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Ni muda wa miti na majani ya uwanja.
- Kipupwe, Juni mpaka Agosti. Usiku kunapoa, upepo wa kusi. Huu ndo msimu wa mboga pwani, na watu wengi wanaupoteza.
- Vuli, Oktoba mpaka Desemba. Mvua ndogo na haiaminiki, kuna mwaka inajaa mitaro na kuna mwaka inapita hivi hivi. TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) huwa wanatoa utabiri wa masika na wa vuli kabla ya msimu kuanza, usikilize kabla hujanunua mbegu.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Jembe, chepe, reki, panga, sururu kama udongo wako ni mgumu. Keni ya kumwagilia yenye pua ya matundu madogo (ndoo tupu inafukua mbegu), au mpira wa maji. Mkasi wa kupogolea. Kamba na vijiti vya kunyooshea mistari. Futi ya kupimia. Viriba au trei za miche. Debe moja la lita 20 la kupimia samadi. Bomba dogo la kupulizia la lita 2 linatosha kabisa kwa nyumbani, usiuziwe la kubeba mgongoni. Na samadi iliyooza, hii ndo muhimu kuliko vyote, bora ukose reki kuliko kukosa samadi.

Mbegu na miche USINUNUE kwanza. Najua ukipita barabarani pale wanapouza miche moyo unavutika, ila mche unaokaa kwenye kiriba miezi miwili getini ukisubiri shimo mizizi inajizungusha humo ndani na hata ukiupanda baadae unadumaa.

HATUA ZENYEWE

1. Zunguka kiwanja chako na uangalie (Januari)

Angalia jua kwanza. Mboga za matunda kama nyanya, bamia, pilipili na bilinganya zinataka jua la moja kwa moja masaa sita au zaidi kwa siku. Mchicha na matembele yanavumilia kidogo kivuli. Sasa kuna jambo watu hawalijui: jua la huku linahama. Desemba na Januari mchana linapita upande wa kusini kidogo, Juni na Julai linapita upande wa kaskazini, tena kwa kiasi kinachoonekana. Maana yake ni kwamba ukanda ulio kusini mwa ukuta mrefu au mwa nyumba unaweza kuwa na jua zuri Januari ukafurahi, alafu ukifika Juni na nyanya zako unakuta pamekuwa kivuli karibu siku nzima. Chukua dira ya simu uangalie kabla hujachagua sehemu ya mboga.

Alafu angalia maji ya mvua yanapita wapi. Yanaingia kutoka kwa jirani? Yanatoka wapi? Usiweke tuta kwenye njia ya maji, na usirundike udongo kwenye ukuta wa nyumba ukapita juu ya msingi, ukuta utanyonya unyevu na rangi itabanduka. Ardhi iinamie mbali na nyumba.

Weka alama mahali chemba, bomba na shimo la maji taka vilipo. Mwembe, mkungu na miti mingine inayokuwa mikubwa kaa nayo mbali na nyumba na mashimo, mita 6 au zaidi kama una nafasi. Kama huna nafasi hiyo panda mpapai, mndimu, mkomamanga au mstafeli, hakuna ulazima kila nyumba iwe na mwembe.

Na kuhusu pevingi: tafadhali usifunike kiwanja chote. Naelewa matope yanakera na gari linahitaji sehemu ngumu, ila weka njia ya gari na ya miguu tu, kwingine acha udongo. Kiwanja kilichozibwa chote kinatupa maji yote barabarani na kwa jirani wa bondeni, na usiku joto linabaki kwenye zile tofali linakurudia dirishani.

2. Pima udongo na maji

Udongo: chukua konzi moja, loweka kidogo, kamata kwa nguvu. Ukiachia ukasambaratika ni mchanga, ndo utakavyokuta Kigamboni, Mbagala na sehemu nyingi karibu na bahari. Ukibaki kama donge na unaweza kuuviringisha una mfinyanzi, kama ule mweusi wa mabondeni. Alafu chimba shimo la sentimita 30, jaza maji mara mbili. Maji ya mara ya pili yakiisha ndani ya dakika chache shida yako ni udongo kutoshika maji. Yakibaki mpaka kesho yake shida yako ni mizizi kuzama, usipande mpapai hapo chini kabisa, mpapai ukisimamishwa kwenye maji siku mbili tu unaoza.

Maji: onja maji ya kisima chako. Yakiwa na chumvi hiyo ndo sababu kubwa ya majani kuungua kingo. Maharage, ndimu, machungwa na maembe yanateseka sana na chumvi. Mchicha, spinachi, minazi na bogenvilia vinavumilia zaidi. Kama huna maji mengine, mwagilia mengi kwa mara chache, sio kidogo kidogo kila siku, maana maji kidogo yanaacha chumvi juu pale pale kwenye mizizi, maji mengi yanaisukuma chini.

Na vuna mvua. Milimita moja ya mvua kwenye bati la mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 20, hizo ni lita 2,000, simtanki zima kwa mvua moja tu. Weka gata hata upande mmoja wa nyumba.

3. Rekebisha udongo (Februari)

Hapa ndo pa kutumia nguvu zako na hela zako.

Kwa mchanga mtupu, mwaka wa kwanza, debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita moja ya mraba, uchanganye na udongo wa juu kina cha jembe, sentimita 20 mpaka 25. Mwaka unaofuata nusu yake inatosha. Samadi ya ng'ombe au mbuzi ni salama zaidi kwa anayeanza. Ya kuku ni kali, ikiwa mbichi inaunguza mizizi, iache ioze miezi miwili au mitatu uitumie robo ya kiasi hicho. Utajuaje imeoza? Hainuki tena harufu ile kali, haina joto ukiingiza mkono, na inavunjika vunjika kama udongo.

Kama una familia inayopika kila siku basi una mboji bure. Maganda ya ndizi, maganda ya viazi, majani ya chai, majani makavu ya mwembe, nyasi zilizofyekwa, yapange tabaka bichi na tabaka kavu, mwagia maji yawe na unyevu tu, geuza kila baada ya wiki mbili. Kwa joto la Dar miezi mitatu umepata mboji. Usiweke nyama, mafuta wala chakula kilichopikwa, utaita panya.

ONYO la udongo mweusi wa kuletewa na gari. Watu wananunua kenta nzima, wanamwaga, baada ya mwezi kiwanja chote ni ndago. Ndago ina viazi vidogo chini, ukiing'oa juu inabaki chini, unaweza kupambana nayo miaka. Kabla hujanunua omba ndoo moja, weka kwenye chungu, mwagilia wiki mbili uone nini kinaota. Muuzaji akikataa, mwache.

4. Chimba mashimo ya miti kabla ya mvua (mwisho wa Februari)

Sentimita 60 upana kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu weka upande wa kulia, wa chini weka kushoto. Shimo likae wazi wiki mbili tatu. Alafu changanya udongo wa juu na madebe mawili ya samadi, huo ndo unarudisha shimoni, acha kilima kidogo maana utashuka. Funika au wekea alama kama una watoto, mashimo yamevunja watu miguu.

Umbali: miembe mita 8 mpaka 10, mindimu mita 4 au 5, mipapai mita 2 hadi 2 na nusu. Najua mche wa mwembe ukiwa mdogo mita nane inaonekana kupoteza nafasi, ila baada ya miaka sita utaona.

5. Panda miti mvua ikishatulia (mwisho wa Machi, Aprili)

Usikimbilie mvua ya siku moja ya mwanzo wa Machi, ile mara nyingi inadanganya inafuatiwa na jua la wiki nzima. Subiri mvua tatu nne zifuatane na udongo uwe umelowa mpaka kina cha mkono.

Nunua mwembe uliobebeshwa (kikonyo cha mwembe mwingine kimeungwa juu ya shina), unaweza kuanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, wa kokwa unasubiri muda mrefu na hujui utatoa embe gani. Ukikagua mche utafute ile sehemu ya maungio kwenye shina, isizikwe ardhini, na machipukizi yote yanayotoka chini ya hapo yakate maana hayo ni ya mti wa chini uliobebeshwa, sio ya embe uliyonunua.

Chana kiriba, usivute mche kwa shina. Panda jioni au siku ya mawingu. Usawa wa udongo wa kiriba uwe sawa na usawa wa ardhi.

Mpapai panda miche mitatu kwa shimo moja, kwenye kilima. Ikitoa maua ndo unachagua: maua ya dume yananing'inia kwenye vikonyo virefu vyenye matawi, ya jike yamekaa karibu na shina na ni makubwa. Acha mmoja kwa shimo, na dume mmoja tu kiwanja kizima anatosha.

6. Panda majani ya uwanja (Aprili)

Swali la "majani gani" linategemea sehemu. Jua la kutosha na watoto wanacheza mpira, weka ukoka, unavumilia kukanyagwa na ukiangamia kiangazi unarudi mvua ikinyesha. Karibu na bahari au maji yako ya chumvi, weka paspalamu. Kwenye kivuli kidogo weka yale majani mapana ya Pemba. Chini ya mwembe mzito au mkungu usiweke majani kabisa, hayatashika hata umwagilie vipi, weka kokoto au matandazo na viti ukae upunge upepo.

Utaratibu: ng'oa magugu yote, mwagilia wiki mbili, yakiota tena ng'oa tena. Hii ya pili watu wanairuka na ndo inayoamua uwanja wako mwakani utakuwaje. Sawazisha kwa reki na ubao, changanya samadi, tengeneza mistari, panda vipandikizi sentimita 10 mpaka 15 kutoka kimoja hadi kingine, fukia nusu, kanyaga taratibu, mwagilia kama siku hiyo mvua haijanyesha. Mvua ya Aprili inakufanyia kazi ya kumwagilia mwezi mzima, ukipanda Julai ni bili ya maji. Kata mara ya kwanza yakifika kama sentimita 7 au 8, na siku zote usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Anayefyeka mpaka udongo uonekane anaita magugu.

7. Mboga za masika, chache na kwenye matuta ya juu (Aprili, Mei)

Mvua kubwa inapiga mbegu, inaozesha mizizi, inaleta ukungu na konokono. Kwahiyo masika inua tuta sentimita 20 mpaka 30, upana mita moja ili ufike katikati bila kukanyaga, na mifereji katikati ya matuta. Panda vinavyokwenda na masika kwenye matuta hayo: matembele (vipande vya shina sentimita 30, fukia vifundo viwili vitatu), majani ya maboga, kisamvu, kunde za mboga. Bamia ukiwahi Machi utavuna vizuri. Mchicha unawezekana ila funika tuta kwa nyasi chache za kuzuia matone mpaka uote.

Konokono wakubwa wakianza, toka na tochi usiku uwaokote, vaa glavu au nawa mikono vizuri baadae, wanabeba vimelea. Chumvi usimwage bustanini.

Wakati huu huu mwaga maji yote kwenye visahani vya vyungu, matairi, madumu na vifuu, kila wiki. Mbu wa dengue anazaliana kwenye maji masafi yaliyotuama hapo hapo nyumbani, na Dar ilishapata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Matenki yafunikwe.

8. Nyanya: kitalu Mei, shambani Juni

Nimeipa hatua yake peke yake kwa sababu ndo inayoulizwa kuliko zote. Maua ya nyanya yanadondoka kiangazi kwa sababu usiku ni joto mno. Januari na Februari usiku Dar joto haliteremki sana chini ya nyuzi 24 au 25, chavua inakufa na ua linadondoka, hakuna dawa ya kupuliza itakayopoza usiku. Julai usiku unashuka karibu nyuzi 19 na 20 na maua yanashika. Ndo maana nasema kipupwe.

a) Wiki ya kwanza au ya pili ya Mei sia mbegu kwenye trei au viriba, mchanganyiko wa mboji na mchanga nusu kwa nusu, chini ya kinga ya mvua, hata kipande cha nailoni angavu juu ya fito nne. Uliza dukani mbegu inayovumilia mnyauko bakteria.

b) Wiki moja kabla ya kuhamisha punguza maji na uzoeshe miche jua.

c) Wiki ya nne baada ya kusia hamishia tutani, sentimita 60 kwa 50, jioni. Tuta lisiwe pale palipokuwa na nyanya, bilinganya, pilipili au nyanya chungu msimu uliopita, hizo zote ni ndugu na magonjwa yao ni yale yale.

d) Weka miti ya kuegemea siku hiyo hiyo ya kupanda, ukisubiri baadae unachoma mizizi.

e) Tandaza nyasi kavu au makumbi ya nazi, unene sentimita 5 mpaka 8, usiguse shina. Mwagilia chini kwenye udongo, sio juu ya majani, na iwe asubuhi.

f) Kata majani ya chini yanayogusa udongo. Vichipukizi vya kwapani (kati ya jani na shina) punguza.

g) Kagua kila siku mbili. Ukiona majani yana njia na madoa meupe kama yamelambwa, na matunda yana vitundu vidogo, huyo ni kantangaze, kiwavi wa nondo anayeshambulia nyanya. Nyumbani dawa bora ni macho na mikono: toa jani, toa tunda, weka kwenye mfuko funga kabisa uache juani. Ukilitupa kwenye mboji umemfuga.

Mavuno yanaanza kama siku 70 mpaka 80 baada ya kuhamisha.

9. Kipupwe panda kila kitu kingine (Juni mpaka Agosti)

Chainizi, figiri, spinachi, sukuma wiki, karoti, hoho, bilinganya, tango. Mchicha sia kila wiki mbili kipande kidogo badala ya tuta zima kwa siku moja, unachanganya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, wiki tatu mpaka nne unang'oa unakula.

Kwenye mchanga mvua zikikata shusha matuta. Yaani badala ya tuta la juu fanya tuta la kuzama, sentimita 10 chini ya usawa wa njia, kingo zimeinuka, maji yanabaki ndani hayakimbii. Tuta la juu kwenye mchanga mwezi wa nane linakauka kabla hujarudisha keni stoo.

Walioko karibu kabisa na bahari, upepo wa kusi unabeba chumvi unaunguza majani. Panda ua wa kukinga, au hata weka makuti upande wa upepo.

10. Pogoa na safisha (mwisho wa Agosti, Septemba)

Bogenvilia kata baada ya maua kuisha. Ua wa duranta nyoosha, chini uwe mpana kuliko juu ili chini kupate jua. Ukikata minyaa vaa miwani, utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Mwembe unaotoa maua usiukate wala kuumwagilia sana kipindi hiki, subiri umalize kuzaa, ukate Februari. Zibua mitaro na gata kabla ya Oktoba.

11. Vuli (Oktoba mpaka Desemba)

Panda vinavyoiva haraka: mchicha, kunde, bamia, mlenda, tango. Panga kama vile mvua itaishia Novemba, ikiendelea ni faida. Miti inaweza kupandwa vuli ila ujue utaimwagilia kiangazi chote, keni mbili za lita 10 kwa mche mara mbili kwa wiki.

12. Kiangazi kinarudi, punguza

Usipambane na jua. Bakiza bamia, matembele, mchicha karibu na bomba, pilipili kwenye kivuli cha mchana. Mboga inataka kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, kwahiyo hesabu tuta ulizonazo na maji uliyonayo, hasa mtaa wenu ukiwa na mgao. Maji ya mtaro na ya mto unaopita viwandani usimwagilie mboga za kula hata iweje. Sehemu zilizobaki zifunike kwa matandazo, anza kukusanya samadi, urudi hatua ya tatu.

IKIENDA VIBAYA

Mmea umenyauka ghafla ukiwa bado kijani, jioni unainuka kesho unalala tena. Kata shina karibu na ardhi, lining'inize kwenye glasi ya maji masafi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ndani ya dakika chache ni mnyauko bakteria. Ng'oa, choma, usirudishe nyanya na ndugu zake hapo kwa misimu kadhaa. Dawa hakuna, usipoteze hela.

Mmea umedumaa, umepauka, mbolea haisaidii. Ng'oa mmoja. Mizizi ikiwa na vinundu vinundu ni minyoo fundo, inapenda mchanga sana. Ongeza mboji nyingi, usipande bamia, nyanya na tango hapo, panda maua ya marigoldi msimu mzima alafu uzichimbie ndani.

Nyanya inaoza kitako, doa jeusi limebonyea chini ya tunda. Sio mdudu. Ni maji yasiyo na mpangilio, leo mengi kesho hamna. Weka matandazo na mwagilia kwa ratiba.

Majani yamejikunja, chini kuna vidukari au inzi weupe. Twanga mbegu kavu za mwarobaini, gramu 50 kwa lita moja ya maji, loweka usiku, chuja kwa kitambaa, weka kijiko kimoja cha sabuni ya maji, pulizia jioni chini ya majani maana jua linaua nguvu yake, rudia baada ya siku tano mpaka saba. Ukilazimika kutumia dawa ya dukani soma kibandiko kuna siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zifuate, hiyo mboga unakula wewe na watoto wako.

Kingo za majani zimeungua na udongo una ukoko mweupe. Chumvi. Rudi hatua ya pili. Masika yenyewe yatakuoshea udongo, usipande chochote cha thamani hapo mpaka Mei.

Majani ya uwanja yana njano. Kama ni masika na maji yametuama, fungua mfereji kwanza. Kama panakauka vizuri, ni njaa: urea kilo moja kwa mita 100 za mraba, mwaga majani yakiwa makavu alafu mwagilia maji mengi papo hapo, ikibaki juu ya majani inaunguza.

Mchwa wamekata mche. Mara nyingi wanafuata mche uliokwishalegea kwa kiu. Sogeza matandazo mbali na shina kiganja kizima, ondoa vipande vya miti vilivyozikwa shimoni, mwagilia.

Mbegu hazijaota. Jaribu kabla ya kulaumu udongo: weka mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi ndani ya sahani, funika, kitambaa kisikauke. Baada ya wiki moja zikiota saba kwenda juu mbegu ni nzima, ulizifukia chini sana au tuta lilikauka. Zikiota tatu nunua zingine, na uangalie tarehe kwenye pakiti kabla ya kulipa.